Glauke, Asteroidi Inayojizungusha Polepole: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kuwaonyesha watoto wa shule anga la usiku, hakuna asteroidi iliyoniletea maswali mengi kama hii, ingawa kwenye darubini haijawahi kuonekana zaidi ya nukta. Haya ndiyo maswali yenyewe. Mengine ni ya wanafunzi, mengine ya wazazi waliokuja kuwachukua watoto wao wakaishia kubaki na sisi uwanjani mpaka usiku.

Glauke ni kitu gani?

Ni gimba la mawe lenye upana wa kilomita 32 hivi, linalolizunguka Jua katika eneo lililo kati ya Mirihi na Mshtarii. Upana huo unakaribiana na safari ya kutoka Dar es Salaam mjini hadi Kibaha. Jina lake kamili kwa wanaastronomia ni 288 Glauke. Namba hiyo inaonyesha nafasi yake katika orodha rasmi: ni asteroidi ya 288 kuandikwa. Leo zinazojulikana zimepita milioni moja.

Kilichoitoa kwenye kundi ni mwendo wake wa kujizungusha. Asteroidi nyingi za ukubwa huo hujigeuza mara moja kwa saa chache tu, sita, nane, au kumi na kitu. Glauke huchukua takriban saa 1,170, yaani karibu siku 49. Ikianza mzunguko leo, itaumaliza wiki saba baadaye.

Asteroidi na kimondo si kitu kimoja?

Kiswahili hulitumia neno kimondo kwa vitu viwili: mwanga unaopasua anga ghafla usiku, na jiwe linalookotwa chini baada ya kuanguka, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe. Asteroidi ni jiwe ambalo bado liko angani kwenye njia yake. Kipande chake kikimeguka na kufika hapa, ndipo tunakiita kimondo. Wala si sayari, maana sayari ina uzito wa kutosha kujiviringisha ikawa tufe na imesafisha njia yake isibaki na mawe mengine. Glauke haijafanya lolote kati ya hayo.

Iko mbali kiasi gani?

Njia yake si duara kamili, imetanuka kidogo. Inapokuwa karibu zaidi na Jua umbali ni kilomita milioni 330 hivi. Inapokuwa mbali zaidi unafika karibu milioni 500. Dunia yetu iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, kwa hiyo kwa wastani Glauke iko mbali na Jua karibu mara 2.8 kuliko sisi. Mwaka wake mmoja ni takriban miaka yetu minne na nusu, na ndani ya mwaka huo hujizungusha mara 34 tu.

Mtu akisikia "ukanda wa asteroidi" hufikiria mawe yamesongamana kama kokoto barabarani. Sivyo kabisa. Ukikusanya asteroidi zote za ukanda huo, pamoja na Ceres iliyo kubwa kuliko zote, hupati hata asilimia tano ya uzito wa Mwezi wetu, na mawe hayo yametawanyika katika eneo kubwa mno. Vyombo vya angani vimepita humo mara nyingi bila kugonga kitu.

Nani aliigundua, na kwa kifaa gani?

Robert Luther, Mjerumani, aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Bilk, Düsseldorf. Ilikuwa tarehe 20 Februari 1890. Alikuwa ameanza kazi hii mwaka 1852 alipogundua asteroidi iitwayo Thetis, na Glauke ikawa ya 24 kwake na ya mwisho.

Napenda watu waelewe kazi yenyewe ilikuwaje. Hapakuwa na picha. Mtu alikaa kwenye baridi akiwa na ramani ya nyota iliyochorwa kwa mkono, akitazama kipande kidogo cha anga kwenye darubini na kulinganisha nukta moja baada ya nyingine na ramani yake. Akikuta nukta isiyokuwemo, aliweka alama, akarudi usiku mwingine. Nukta ikiwa imehama, si nyota. Luther alifanya hivyo kwa karibu miaka arobaini. Mwaka uliofuata baada ya Glauke, Max Wolf wa Heidelberg aligundua asteroidi ya kwanza kwa kutumia picha, nayo ni ya 323 katika orodha, na kuanzia hapo kazi ya macho matupu kwenye darubini ikaanza kupitwa na wakati. Kwa hiyo Glauke ni miongoni mwa za mwisho mwisho kupatikana kwa jicho la mtu aliyekaa akisubiri. Nikifikiria tabia ya asteroidi yenyewe, naona ilimpata mtu anayeifaa.

Jina Glauke limetoka wapi?

Ni la binti wa Kreoni, mfalme wa Korintho katika hadithi za kale za Wagiriki. Yasoni alimwacha mkewe Medea ili amwoe Glauke, na Medea akampelekea bibi harusi vazi lililopakwa sumu. Pale Korintho ya kale bado kuna chemchemi iliyochongwa kwenye mwamba inayoitwa kwa jina lake, na masimulizi yanasema alijitupa humo akitafuta maji ya kuzima ule moto wa sumu mwilini. Jina halina uhusiano wowote na mwendo wa asteroidi, kwa kuwa Luther alipoiona hakuna aliyejua inajizungusha kwa kasi gani.

Siku 49 ni polepole kweli? Mbona Zuhura ni polepole zaidi?

Ni kweli. Zuhura huchukua siku 243 kujizungusha mara moja, na Utaridi karibu 59, zote zaidi ya Glauke. Lakini hizo ni sayari zilizo karibu na Jua, na mvuto wa Jua umekuwa ukizishika kwa mabilioni ya miaka. Glauke ni jiwe dogo lililo mbali, na hakuna jirani mkubwa wa kuishika. Ndiyo maana uzito wa swali hili si namba yenyewe tu. Swali ni nini kilichoifanya iwe hivyo.

Kwa kipimo cha ardhini: mtu aliyesimama kwenye ikweta ya Dunia anazungushwa kwa kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye ikweta ya Glauke, tukiichukulia kuwa tufe la kilomita 32, angezungushwa mita 86 kwa saa. Kobe anaipita.

Kama inaonekana kama nukta tu, mmejuaje kwamba inajizungusha?

Hapa huwa nachukua kiazi kitamu. Si mfano wa maneno, ni kiazi kweli. Jioni moja nilikichoma kimoja kirefu kwa kijiti cha mshikaki, tukafunga madirisha ya darasa, mwenzangu akashika tochi upande wa ubao, wanafunzi wakaketi ukuta wa nyuma. Niliwaambia wakunje macho mpaka kiazi kisionekane kama kiazi, kiwe doa la mwanga tu. Kisha nikakizungusha.

Ubavu ulipowaelekea, doa lilikuwa kubwa na lenye mwanga. Ncha ilipowaelekea, doa lilififia. Ubavu wa pili, likang'aa tena. Ncha ya pili, likafifia. Kabla sijasema lolote msichana mmoja wa mstari wa nyuma alisema, "Mwalimu, linapumua." Hilo ndilo neno ninalolitumia tangu siku hiyo.

Asteroidi hupumua hivyo hivyo. Kila mzunguko mmoja huleta vipindi viwili vya kung'aa na viwili vya kufifia. Wanaastronomia hupima mwanga wake tena na tena, huchora mstari wa kupanda na kushuka, na umbali kati ya vilele vyake ndio unaotoa muda wa mzunguko. Mwanga wa Glauke hupanda na kushuka kwa zaidi ya mara mbili, jambo linaloashiria kwamba umbo lake ni refu, na kwamba kiazi changu hakikuwa mbali na ukweli.

Mvulana mwingine akauliza lililo gumu zaidi: "Sasa ukikizungusha kwa siku arobaini na tisa, si tutaona kimesimama tu?" Tutaona kimesimama. Nilikaa na swali lake njia nzima nikirudi nyumbani.

Ndiyo sababu ilichukua muda mrefu kujulikana?

Ndiyo hasa. Asteroidi ya saa sita unaimaliza kwa usiku mmoja. Unaanza jioni, unapima kila dakika chache, alfajiri una mstari kamili. Ukiipima Glauke usiku kucha, mstari unatoka umenyooka kama uzi wa fundi. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba haibadiliki na kuendelea na nyingine.

Kutoka kwenye kilele cha mwanga hadi kwenye kina cha kufifia ni karibu siku 12. Katika siku hizo mambo mengine yote nayo yanabadilika. Asteroidi imehama kati ya nyota, kwa hiyo nyota ulizozitumia jana kulinganishia mwanga hazimo tena kwenye uwanja wa darubini, na unalazimika kupima nyota mpya na kuzifunga na zile za zamani kwa usahihi. Umbali wake na Dunia umebadilika, na pembe ambayo Jua linaimulikia imebadilika. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza au hupunguza mwanga, na lazima kihesabiwe na kuondolewa kabla hujajua ni kipi kilicholetwa na kujizungusha. Juu ya hayo kuna mawingu, kuna mwezi mpevu, na kuna darubini inayotakiwa na watu wengine. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya miaka tisini baada ya Luther, ndipo Mmarekani Alan Harris alipoonyesha kwamba huu ni mzunguko wa wiki nyingi.

Baadaye rada nayo ikaongeza ushahidi. Darubini kubwa ya Arecibo kule Puerto Rico, ile iliyoporomoka tarehe 1 Desemba 2020, iliirushia Glauke mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Gimba linalojizungusha lina upande unaotujia na upande unaotukimbia, na tofauti hiyo huutanua mwangwi. Kadiri linavyozunguka taratibu ndivyo mwangwi unavyobaki mwembamba. Wa Glauke ulikuwa mwembamba.

Ni kweli kwamba inayumba?

Dalili zinaonyesha hivyo. Wote tuliocheza pia utotoni tunakijua kinachotokea: ukiivuta kamba vizuri, pia inasimama wima, inatulia, inavuma. Ikianza kuchoka inayumba, kichwa kinachora duara huku mwili ukijizungusha. Asteroidi inaweza kuwa hivyo pia, ikawa na miendo miwili kwa wakati mmoja, ikibiringika bila kutulia kwenye mhimili mmoja.

Kwa kawaida jiwe linaloyumba hujituliza lenyewe. Kuyumba hulipinda mwamba kidogo kidogo kwa ndani, kupinda kunaleta joto, joto linapotea angani, na nguvu ya kuyumba inapungua. Lakini kazi hiyo inategemea kasi. Jiwe linalojizungusha polepole halijipindi kiasi cha kutosha. Kwa ukubwa na mwendo wa Glauke, hesabu zinatoa muda wa kutulia unaozidi umri wa mfumo mzima wa Jua mara nyingi, na umri huo ni miaka bilioni 4.5 na kitu. Maana yake ni kwamba ikishaanza kuyumba, hakuna cha kuituliza ila kugongwa upya.

Ndiyo sababu nasema "takriban saa 1,170" kila mara na siitaji namba hiyo peke yake. Kitu kinachoyumba hakina muda mmoja wa mzunguko kama ulivyo wa saa ya ukutani. Kina muda unaojitokeza zaidi ya mwingine.

Kwa nini inajizungusha polepole hivyo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na watafiti wenyewe bado wanalijadili.

Anza na yanayojulikana. Asteroidi zilipata mizunguko yao kwa kugongana. Jiwe likigongwa pembeni huongezewa mwendo, likigongwa upande mwingine hupunguziwa, na baada ya mabilioni ya miaka ya kugongwa huku na kule unategemea kukuta nyingi zikiwa na mwendo wa kati, chache zenye kasi sana, na chache za polepole. Za polepole mno zinazokutwa ni nyingi kuliko ambavyo kugongana peke yake kungezizalisha. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoiba mwendo.

Mshukiwa wa kwanza ni mwanga wa Jua. Jiwe linapashwa joto upande wa mchana na kulitoa joto hilo baadaye. Joto linapotoka husukuma, kwa nguvu ndogo mno. Kama jiwe lingekuwa tufe laini, misukumo ingefutana. Lakini jiwe lenye mabonde na pembe husukumwa zaidi upande mmoja, na kwa mamilioni ya miaka msukumo huo unaliongezea kasi au unaliondolea. Jambo hili linaitwa YORP, kwa herufi za kwanza za majina ya watafiti wanne, na mwaka 2007 lilithibitishwa kwenye asteroidi ndogo iliyokutwa ikiongeza kasi kama hesabu zilivyosema. Asteroidi hiyo sasa inaitwa YORP. Shida ni kwamba nguvu hiyo inafaa kwa mawe ya mita mia kadhaa au kilomita chache. Kwa jiwe la kilomita 32 ni kama kusukuma meli kwa pumzi.

Mshukiwa wa pili ni mwezi uliopotea. Asteroidi ikiwa na mwezi wake mdogo, kuvutana kwao kunahamisha mwendo kutoka kwenye asteroidi kwenda kwenye njia ya mwezi. Asteroidi inapungua kasi, mwezi unasogea mbali. Hata Mwezi wetu unasogea mbali na Dunia hivyo, karibu sentimita 4 kwa mwaka, na siku zetu zinarefuka. Mwezi wa asteroidi ukifika mbali sana unaponyoka kabisa, na asteroidi inabaki peke yake, imechoka. Hakuna mwezi uliowahi kuonekana kando ya Glauke, lakini wazo hili linahitaji mwezi ambao umeshaondoka, na hapo ndipo ugumu wa kulithibitisha ulipo.

Kuna pia uwezekano wa pigo moja lililokuja kwa upande na kiasi barabara cha kuisimamisha karibu kabisa. Kwangu mimi wazo la mwezi ndilo zuri zaidi, ila kupendeza kwake si ushahidi.

Je, inawezekana kudanganyika kuhusu mzunguko wa polepole?

Inawezekana sana, na mfano bora una jina la Afrika Mashariki. Kuna asteroidi ya mawe katika ukanda huo huo inayoitwa Dinkinesh. Ni jina la Kiamhari lenye maana ya "wewe ni wa ajabu", na ndilo jina la Kiethiopia la yule binadamu wa kale aliyechimbuliwa Hadar mwaka 1974, ambaye dunia inamwita Lucy. Chombo cha angani cha Wamarekani kilichopewa jina Lucy kilipangiwa kuipitia, na kabla ya kufika, vipimo vya mwanga vilionyesha kupumua kwa takriban saa 53. Ikaonekana ni asteroidi ya mwendo wa taratibu.

Tarehe 1 Novemba 2023 chombo kikapita kilomita 430 hivi kutoka kwake, na picha zikaonyesha kwamba Dinkinesh ina mwezi, nao mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana. Zile saa 53 zilikuwa za mwezi kuizunguka asteroidi. Dinkinesh yenyewe hujizungusha kwa chini ya saa nne. Mwezi ule umepewa jina Selam, kama mtoto wa kale aliyepatikana Dikika, Ethiopia, na Kiamhari chake ni amani, neno ambalo sisi wa Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa.

Kwa Glauke, ushahidi wa mwanga na wa rada unakwenda pamoja, kwa hiyo hofu ya kosa kama hilo ni ndogo. Lakini hadithi ya Dinkinesh huwa naisimulia kila mara ili tukumbuke kwamba kinachopimwa ni nukta ya mwanga, na kilichomo ndani ya nukta ni hitimisho letu.

"Ya mawe" maana yake nini? Si zote ni mawe?

Zote ni mawe kwa maneno ya kila siku, lakini zinatofautiana kama udongo wa mfinyanzi unavyotofautiana na chuma. Nyingi ni nyeusi kama makaa, zenye kaboni. Chache ni za chuma na nikeli. Kundi la Glauke, linaloitwa kundi la S, lina madini ya silika kama olivini na pirokseni, yakiwa na chembe za chuma ndani. Zinarudisha kama moja ya tano ya mwanga wa Jua unaozipiga, na rangi yake inaelekea wekundu kidogo, kwa sababu uso wake umepigwa na chembechembe za Jua na vumbi la angani kwa muda mrefu.

Mwaka 2010 chombo cha Japani, Hayabusa, kilileta duniani chembe kutoka asteroidi ya kundi hili iitwayo Itokawa. Zilipochunguzwa zililingana na aina ya vimondo vya mawe ambavyo ndivyo huanguka kwa wingi zaidi duniani. Hapo ndipo ubishi wa miaka mingi kuhusu asili ya vimondo hivyo ulipokwisha.

Na vimondo hivyo tunavyo. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vingi vya aina hiyo vilianguka Mbale, Uganda. Kipande kimoja kidogo, cha gramu chache tu, kilipita kwenye majani ya mgomba kikapoteza kasi, kisha kikampiga kijana mmoja kichwani. Hakuumia. Mwaka 2011 kingine cha jamaa hiyo kikaanguka Thika, Kenya. Sisemi mawe hayo yalitoka Glauke. Nasema ukishika jiwe la Mbale umeshika kitu cha jamii moja nayo. Kimondo cha Mbozi, tani 16 za chuma, ni cha ukoo mwingine kabisa.

Ningesimama juu yake ningeona nini?

Kwanza ungepata shida ya kusimama. Tukiipa uzito wa kawaida wa mawe ya kundi hilo, mvuto wake ni kama sehemu moja ya 800 ya mvuto wa Dunia. Mtu wa kilo 60 angejihisi kama ana uzito wa yai moja kubwa. Jiwe ukilirusha kwa manati haliwezi kurudi, kwa kuwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde unatosha kuiacha Glauke moja kwa moja.

Upeo wa macho ungekuwa mita mia mbili na kitu mbele yako, kisha ardhi inashuka na anga nyeusi inaanza. Jua lingekuwa dogo, upana wake karibu theluthi moja ya tunaouona hapa. Lingetembea angani kwa uvivu usio kifani. Pwani tumezoea machweo: Jua likigusa bahari, ukigeuka kumwita mtu aje atazame, limeshazama. Glauke, kutoka ukingo wa Jua kugusa upeo hadi kutoweka lote ni zaidi ya nusu saa. Na ukipiga hatua mbili tu kwa dakika ukilifuata, halikuchwi kamwe. Ukikaa, usiku wako ni wiki tatu na nusu.

Inaweza kuigonga Dunia?

Hapana. Hata ikiwa karibu kabisa na sisi, umbali unazidi kilomita milioni 170, na haifiki hata kwenye njia ya Mirihi.

Kuna chombo kilichowahi kuitembelea?

Hakuna. Jamaa zake za mawe zimepitiwa: Gaspra mwaka 1991, Ida mwaka 1993, na Eros ambayo mwaka 2001 chombo kilitua juu yake. Katika zinazojizungusha polepole, Mathilde ilipigwa picha Juni 1997. Hiyo huchukua karibu siku 17 na nusu, na kwa sababu hiyo chombo kikipita kwa kasi kiliona upande mmoja tu. Glauke ingeleta tatizo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Chombo cha kupita hakifai. Kinatakiwa cha kukaa nayo miezi.

Ndiyo ya polepole kuliko zote?

Ilishika nafasi hiyo kwa miaka mingi. Sasa zipo zilizoipita, kama Maritima yenye saa 1,332 na Lipperta yenye 1,641. Darubini ya anga za juu TESS, inayotazama eneo moja la anga kwa wiki mfululizo bila kusumbuliwa na mchana wala mawingu, imeongeza sana idadi ya zinazojulikana kuwa za polepole. Zilikuwepo muda wote. Usiku mmoja mmoja ndio uliokuwa mfupi.

Naweza kuiona mwenyewe?

Kwa macho matupu, hapana. Ikiwa mahali pazuri huwa hafifu kama mara 250 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho zuri linaiona kwenye giza. Lakini darubini yenye kioo cha sentimita 20 hadi 25, mbali na taa za mji, inatosha katika miaka ambayo Glauke inapita karibu nasi. Tafuta kwenye intaneti programu ya ramani ya anga inayokubali kuandikiwa "288 Glauke", weka tarehe na mahali ulipo, chapisha ramani ya kipande hicho cha anga. Chora nukta zote unazoziona, rudi usiku wa pili, chora tena. Iliyohama ndiyo yenyewe.

Ukiwa na kamera ya kufunga kwenye darubini unaweza kupima mwanga wake pia. Usikeshe nayo. Picha chache kila usiku ulio safi, kwa miezi miwili, zinatosha, na kila picha iandikie tarehe, saa na nyota ulizolinganisha nazo. Wiki ya kwanza mstari wako utakuwa umelala. Usiufute.